Kipanga Arobaini, Komeo la Zamani

"Shemeji, hapa Mama Mkwe."

Shemeji aliweka kikombe cha chai mezani na kukaa wima. Mama mkwe akipiga simu kabla ya saa tatu asubuhi, hata kama ni mama mkwe wa kubuni, mtu lazima akae vizuri kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wale wageni arobaini waliolala kwetu tangu juzi, tunasikia sio tuliowaalika."

"Wamevaa nguo za walioalikwa?"

"Ndivyo inavyosemekana. Na aliyewafungulia mlango ni mtu wa nyumbani."

"Nani?"

Mama Mkwe alishusha sauti.

"Mjomba wako. Yule wa kweli."

Chai ilipoa yenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Kwa faida ya wasio na kibali cha kusoma siri, tafsiri ilikuwa hivi. Juzi idara ilipokea bunduki arobaini mpya za shabaha, aina ya Kipanga Mbili, zikafungiwa stoo. Mwezi uliopita Kipanga Moja arobaini, zilizochoka baada ya miaka ishirini ya utumishi uliotukuka, ziliyeyushwa kwenye tanuri. Hati ya kuyeyusha ilikuwa na saini ya fundi bunduki, kaka yake mama yake Shemeji. Sasa mpelelezi mmoja wa mpakani alikuwa amesikia wafanya magendo wakijisifu: jioni hii wangepokea Kipanga Mbili arobaini, zikiwa bado na mafuta ya kiwandani.

Kama mpya zinatoka, ndani kunabaki nini?

"Kamati inatia saini saa sita mchana," alisema Mama Mkwe. "Baada ya hapo masanduku yanafungwa kwa lakiri, hayafunguliwi mpaka mwakani. Ikifika saa sita hujanipa jina lingine, mtie mjomba wako pingu. Mimi sitaki. Lakini saini ni yake."

"Nimepokea."

"Na Shemeji, usile huko. Hujui nani ni nani."

Simu ikakatika.

Shemeji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye saa ya Casio mkononi, bastola ya Glock kiunoni chini ya koti, na ubao wa kuandikia kifuani. Familia nzima ilimjua kama karani wa manunuzi. Hata kwenye harusi za ukoo alikuwa akiulizwa bei ya mafeni.

Saa tatu na nusu alikuwa kwenye uwanja wa shabaha, akiandika.

Mezani kulikuwa na bunduki mbili za kulinganishwa mbele ya kamati: Kipanga Mbili ya maonyesho, na Kipanga Moja ya mwisho iliyobakizwa na karakana. Kipanga Moja ilikuwa nzito kama kabati la bweni. Iliingizwa risasi tano kwa kidole, moja baada ya nyingine. Komeo lake, ule mkono wa chuma unaoinuliwa na kuvutwa kila baada ya risasi, lilipanda robo nzima ya duara, mpaka vifundo vya vidole vikagonga darubini iliyofungwa juu yake. Shemeji aliipiga mara tano. Mara tano darubini ilimchubua.

Kipanga Mbili ilikuwa nyepesi kwa nusu kilo. Risasi kumi zilikaa kwenye kisanduku kilichochomolewa na kurudishwa kwa mkono mmoja. Kitako kilipandishwa na kushushwa kufuata shavu la mpigaji. Komeo lilipanda kidogo tu, likapita chini ya darubini kama mwanafunzi aliyechelewa anavyopita chini ya dirisha la mwalimu wa zamu.

Mita mia tatu. Kwenye shabaha, matundu matano ya bunduki ya zamani yalihitaji kiganja kizima kuyafunika. Matano ya mpya yalifunikwa na kiberiti.

"Kama siku na usiku, dada," alisema mtu wa kampuni iliyouza bunduki mpya. Alikuwa amevaa tai ya zambarau, na ndani ya nusu saa kila mtu uwanjani alimwita Bwana Tai. "Hiyo ya zamani mimi sijawahi hata kuishika. Mimi nimezaliwa na ya pili."

"Pole," alisema Shemeji, akaandika.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mnene aliyejikinga jua kwa faili, hakuridhika.

"Hii ni ya maonyesho," alisema. "Ya maonyesho hata mimi nilikuwa nayo, siku niliyokwenda kuposa. Fungueni sanduku lolote tuone ya kazi."

Mtunza stoo, mwembamba, mwenye funguo nyingi kuliko milango, alileta sanduku namba kumi na saba. Bunduki iliyotoka humo ilikuwa Kipanga Mbili kwa kila jicho: rangi, kitako, kisanduku cha risasi.

"Naomba niipige mwenyewe," Bwana Tai aliwahi. "Kwa heshima ya kampuni."

Akalala. Akapiga.

Shemeji hakutazama shabaha. Alitazama mikono.

Alipoionyesha ile ya mezani, Bwana Tai alikuwa amelishika komeo kwa vidole viwili, kama mtu anayechukua biskuti. Komeo la hii aliliinua kwa kiganja wazi, vidole vimekunjwa ndani, na kila mara akarudisha kichwa nyuma kidogo. Mkono wa mtu aliyewahi kuchubuliwa na darubini. Aliyechubuliwa tena na tena. Mpaka akajifunza.

Kwa bunduki ambayo hajawahi kuishika.

Risasi tano zikafunikwa na kiganja. "Upepo," alisema Bwana Tai, na kabla mtu hajanyosha mkono bunduki ilikuwa imerudi sandukuni.

Majani pembeni ya uwanja yalikuwa yamesimama wima.

Na kulikuwa na jambo la pili. Nyuma yao, kwenye benchi la usafi, Mjomba alikuwa amewapa mgongo akifuta mtutu. Komeo la namba kumi na saba lilipolia mara ya kwanza, kitambaa kilisimama. Mjomba alikuwa na masikio ya miaka thelathini ya kazi hiyo. Alisikia. Lakini hakugeuka. Alichukua kitu kidogo benchini, akakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni haraka, kama mtu anayeficha mkate chini ya godoro siku ya ukaguzi. Kisha akabeba Kipanga Moja na risasi zilizobaki, akaondoka kuelekea karakana.

Mtu safi angepiga kelele.

Mtu safi hafichi vitu mfukoni.

Shemeji mwenyewe angeweza kupiga kelele. Lakini kelele zingepata bunduki feki arobaini, na za kweli zingekwenda zao.

Saa tano na robo alisukuma mlango wa karakana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kuninunulia feni?"

"Nimekuja na hati. Nataka uthibitishe saini yako."

Alimpa karatasi. Ilikuwa nakala ya hati ya kuyeyusha bunduki. Mjomba aliishika kwa urefu wa mkono, akaikunjia uso, akatikisa kichwa taratibu kwa heshima zote.

"Naam. Iko sawa. Kila kitu kiko mahali pake."

"Umesoma yote?"

"Mstari kwa mstari."

"Mjomba, umeishika kichwa chini miguu juu."

Mafuta yalidondoka kutoka kwenye mtutu mmoja, tone moja, halafu tone lingine.

"Toa kilicho mfukoni," alisema Shemeji. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, na aliuchukia mkono huo.

Mjomba alitoa. Ilikuwa lenzi ya kukuzia, ya bei rahisi, iliyofungwa kwa uzi.

"Mwaka wa pili sasa," alisema. "Mbali naona mpaka manyoya ya ndege. Karibu, mwanangu, hata uso wako ni ukungu. Wakijua, nitapewa saa ya ukutani na keki, niende nikakae nyumbani na shangazi yako. Unamjua shangazi yako."

"Hati hii ulitiaje saini?"

"Nilisomewa. Namba moja moja. Mimi nikatia saini, masanduku yakaenda kwenye tanuri."

"Ulifungua masanduku?"

Mjomba alikaa kwenye kigoda.

"Leo nimesikia komeo la Kipanga Moja likilia ndani ya Kipanga Mbili," alisema polepole. "Nikajua. Nilichoma masanduku ya vyuma chakavu. Ningesema nini pale mbele ya kamati? Kwamba fundi bunduki wa idara hajui alichochoma?"

"Nani alikusomea?"

"Mtunza stoo. Kila siku ananisomea. Nilidhani ni adabu."

Sasa yote yalikaa kwenye mstari. Vitako vipya arobaini, pamoja na visanduku vyake vya risasi, vililetwa na kampuni kama vipuri. Mtunza stoo alitunza bunduki kuukuu. Usiku wa siku mbili ulitosha kuzivisha sare mpya. Jina la tatu lilihitajika tu la kubebeshwa mzigo, na jina hilo halikuweza kusoma.

Isipokuwa kama mjomba anadanganya. Shemeji alilifikiria hilo pia. Ndiyo kazi.

Nje ya dirisha, lori la kampuni lilipita taratibu. Mtunza stoo alikuwa kwenye usukani. Bwana Tai alikuwa pembeni yake, amelegeza tai.

"Linakwenda wapi hilo?"

"Linarudisha masanduku matupu ya vipuri," alisema Mjomba. Kisha akasogea dirishani, akalitazama lilivyokuwa likiondoka, mbali, mahali macho yake yalipofanya kazi. "Matupu hayakalishi springi chini hivyo."

Saa tano na dakika arobaini.

Shemeji alikuwa tayari anakimbia.

"Geti, hapa manunuzi," alisema kwenye redio ya Motorola, akipumua kwa shida. "Lori linakuja. Fomu yao ina mhuri wa bluu?"

"Ndiyo, dada, kama kawaida."

"Waambie siku hizi unatakiwa mwekundu."

"Lakini hatuna mhuri mwekundu."

"Ndiyo maana watachelewa."

Mlinzi wa geti alifikiri kwa sekunde mbili. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumpa sababu nzuri hivyo ya kumsumbua mtu.

"Nimepokea, dada. Hapa hapiti hata inzi."

Mita mia tatu kutoka karakana mpaka geti. Alipofika, mlinzi alikuwa akieleza tofauti ya bluu na nyekundu kwa mara ya tatu, kwa sauti ya kasisi.

"Zima injini!" Shemeji alisimama mbele ya kizuizi, Glock mikononi. "Shukeni!"

Mtunza stoo alimtazama. Alitazama bastola. Alitazama kizuizi, ambacho kilikuwa bomba lililopakwa rangi.

Akarudisha lori nyuma mita ishirini.

"Dada wa manunuzi," Bwana Tai alipaza sauti dirishani, "utaumia bure! Hujui hata kinachonunuliwa!"

Gia iliingia. Lori lilinguruma, likaja.

Shemeji alipiga kioo. Kioo kikajaa nyufa kama utando, lakini lori halikusimama. Mita kumi na tano. Kumi na mbili.

Halafu mlio mmoja kutoka mbali, mkavu.

Tairi la mbele kushoto lilipasuka.

Usukani ulipinda, mtunza stoo akaurudisha kwa nguvu zake zote. Shemeji aliujua mlio ule, na alijua kinachofuata: kiganja kinainua komeo, robo duara nzima, kinavuta, kinasukuma, kinashusha. Bunduki ya polepole. Moja. Mbili.

Mlio wa pili.

Tairi la kulia likaenda. Lori lilimpita Shemeji kwa upana wa mlango, likalala mtaroni kama ng'ombe aliyechoka, na masanduku mawili yakapasuka nyuma. Kipanga Mbili, mpya, zenye mafuta ya kiwandani, zikamwagika juani.

Mtunza stoo alibaki ameukumbatia usukani. Bwana Tai aliruka, akakimbia hatua tatu. Hatua ya nne Shemeji alikuwa ameshika ncha ya tai.

"Hii ndiyo ninayonunua," alimwambia, akamfunga pingu.

Mbali, kwenye mlango wa karakana, mtu mfupi mwenye aproni alishusha Kipanga Moja.

Saa sita kasoro dakika nne. Simu.

"Jina, Shemeji."

"Mawili. Wote wako mtaroni. Wageni arobaini tuliowaalika wamepatikana, mama. Waliolala kwetu nao wako stoo, wamevaa sare za wizi."

"Na mjomba?"

Shemeji aligeuka. Mjomba alikuwa ameshafika getini kwa miguu yake, na Mwenyekiti naye, faili kichwani. Mjomba hakumsubiri mpwa wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, akavua aproni.

"Bwana Mwenyekiti, hati ya tanuri niliitia saini bila kuisoma. Sioni karibu. Nimewaficha miaka miwili."

Mwenyekiti alitazama matairi mawili yaliyopasuka. Akatazama karakana, mita mia tatu nyuma. Akahesabu kwa midomo.

"Utajibu mbele ya bodi, fundi," alisema mwishowe. "Hilo siwezi kulifuta. Nipe funguo za karakana."

Mjomba alizitoa, akazipapasa kwa vidole kuhakikisha ni zenyewe, akampa. Mwenyekiti alizipokea kwa mikono miwili.

"Mama Mkwe," Shemeji alisema kwenye simu, "mjomba ametia saini bila kusoma. Amejisema mwenyewe. Liandike. Halafu andika na nani aliyesimamisha lori."

"Hayo yote yataingia kwenye faili moja?"

"Faili moja."

"Basi nitaliwasilisha mwenyewe," alisema Mama Mkwe, akakata.

Shemeji alirudisha Glock kiunoni, akakunja mkono wa koti uliochafuka na kuelekea kwenye Land Cruiser bila kuangalia nyuma. Nyuma yake mlinzi alikuwa akimweleza Bwana Tai kwamba hata pingu zina fomu yake.

"Panda, mjomba."

"Umenikamata?"

"Nakupeleka kwa daktari wa macho. Bodi inakaa Alhamisi, nataka uwaone sura."

Mjomba alipapasa mlango mpaka akapata kishikio. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti, na kwa muda mrefu alitazama barabara, ambayo yote aliiona vizuri sana.

"Karani wa manunuzi," alisema.

"Naam."

"Kwenye ripoti yako ya zile bunduki mbili. Umeandika ipi ni bora?"

Shemeji aliwasha gari na kumtupia ripoti mapajani.

"Utasoma mwenyewe, Jumatano, ukipewa miwani."