Barabara Inakula Mikate Mingapi?

Nyumba ya Mama Mikate iliamka kabla ya nyumba zote za mtaa. Chumba cha mbele kilikuwa na tanuri, meza ndefu na mashine kubwa ya kukandia unga. Chumba cha nyuma ndimo walimolala watoto. Uani ilikaa pikapu.

Pikapu hiyo ilikuwa fahari ya mumewe. Watu walimwita Baba Pikapu, naye alifurahi kuitwa hivyo. Ilikuwa kuukuu, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Lakini kila alfajiri ilibeba mikate na kuipeleka madukani. Njia nzima ilikohoa na kunguruma. Wenye maduka wakisikia kile kikohozi, walijua mikate imefika. Walitoka na vikapu vyao bila kuitwa.

Baba Pikapu alikuwa na sheria moja tu. "Gari langu halilali njaa," alisema. Kila jioni alipita kituo cha mafuta, akajaza tangi, ndipo akarudi nyumbani. Gari lililala limeshiba, na mwenyewe akalala usingizi mnono.

Ila gari lilishiba na nyumba ikakonda. Bei ya mafuta ilipanda, ikapanda tena. Mama Mikate alioka, akauza, na bado alibaki mikono mitupu. Mwisho alipiga moyo konde. Alichukua akiba yake yote, akiba ya miaka mingi ya kuungua vidole kwenye tanuri, akanunua gari dogo la umeme. Lilikuwa la kijani, la magurudumu matatu, lenye sanduku kubwa nyuma. Palipotakiwa kuwa na tangi la mafuta palikuwa na tundu la kuchomeka waya.

Loo, siku lilipofika! Watoto wa mtaa mzima walilikimbilia.

"Mbona haliungurumi? Limezimika?"

"Limezimika wapi, si linatembea hilo! Tazama!"

Wakalipa jina palepale. Wakaliita Kimya.

Baba Pikapu alilizunguka, mikono mgongoni. Alilitazama kama mkwe aliyeletwa bila yeye kuulizwa.

"Mke wangu, hili ni gari au ni friji?"

"Ni gari, baba watoto. Panda."

"Likinizimikia njiani nitalisukuma?"

"Pikapu umeisukuma mara ngapi?"

Baba Pikapu akajifanya hasikii.

Alfajiri ya kwanza walikwenda wote wawili. Kimya aliteleza barabarani bila kelele wala moshi. Mama Mikate alijiona kama anaruka. Alitaka kucheka, alitaka kuimba, alimfinya mumewe mkono. Hata mumewe alitabasamu kidogo, gizani, akidhani haonekani.

Walifika duka la kwanza. Mlango umefungwa. Wakangoja. Duka la pili, vilevile. Baadaye mwenye duka alichungulia dirishani, akatoa macho.

"Kumbe mpo hapa? Mimi nimekaa nasubiri kikohozi!"

"Itabidi uwe unaita," Mama Mikate alimwambia mumewe.

"Niite mimi?"

Hakuwa mtu wa kelele. Miaka yote pikapu ilimsemea. Alijikaza, akasema, "Mikate," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Hakuna aliyetoka. Siku hiyo walirudi na mikate iliyobaki.

Lakini kitendawili kikubwa kilikuwa nyumbani. Sheria ya Baba Pikapu ilikuwa palepale. Gari halilali njaa. Ikawa kila jioni anamchomeka Kimya. Na jioni, katika mtaa ule, kila mtu anapika, anapiga pasi, anatazama televisheni. Umeme unakuwa dhaifu, taa zinafifia, mara nyingine unakatika kabisa. Baba Pikapu hakutaka mchezo. Alimchomeka Kimya kwenye jenereta.

Lilikuwa jenereta kubwa. Walilinunua kwa ajili ya mashine ya kukandia unga. Sasa likanguruma usiku kucha, na majirani wakalala na mito masikioni.

Baada ya majuma mawili Baba Pikapu aliingia chumba cha tanuri. Alisimama kando ya meza. Uso wake haukuwa na utani.

"Mke wangu, gari lako la umeme linakunywa petroli kama pikapu tu. Fedha ya jenereta ni ileile. Hatujaokoa kitu."

Mama Mikate aliacha kukata donge la unga.

"Nimepata mnunuzi," mumewe aliendelea. "Yule muuza mboga wa sokoni. Anatafuta gari. Atakuja Jumamosi. Atatoa nusu ya bei uliyonunulia."

"Nusu! Akiba yangu yote, halafu nusu?"

"Tukubali hasara leo, kabla haijazaa nyingine."

Mama Mikate aliweka kisu chini. Machozi yalimlenga, akageukia tanuri ili yasionekane. Hakulilia gari tu. Alikuwa amejiambia kwamba safari hii jasho lake litaleta kitu. Sasa alijiona mjinga, na hilo lilimuuma kuliko fedha.

Hapo hapo mlango ukagongwa.

"Hodi! Nimekuja kugombana. Lakini nipeni mkate kwanza, harufu inaniua."

Alikuwa jirani wa nyuma ya ukuta, mwanamke mfupi mwenye suruali ya kazi na bisibisi mfukoni. Kazi yake ilikuwa kufunga umeme wa jua kwenye nyumba, mashamba na visima. Wote walimwita Fundi Jua.

"Karibu, dada," alisema Mama Mikate, akampa mkate.

"Ahsante. Shemeji, jenereta lako halinipi usingizi. Siku hizi mnakanda unga usiku kucha?"

"Hapana, jirani. Tunachaji gari."

Fundi Jua aliacha kutafuna. Akatoka uani. Akaufuata ule waya, kutoka kwa Kimya mpaka kwenye jenereta. Akaushikilia ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji, umenimaliza! Gari la umeme unalinywesha petroli kwa mlango wa nyuma!"

"Sasa nifanye nini? Gari halilali njaa."

"Na lisilale njaa, nakubaliana nawe. Lakini twende mezani."

Ndani, Fundi Jua alichukua treya moja ya mikate iliyopoa. Ilikuwa na mikate ishirini.

"Dada, tusizungumze lugha ngumu. Tuulizane jambo moja. Kwenye kila treya mnayouza, barabara inakula mikate mingapi? Tuanze na pikapu."

Mama Mikate alijua biashara yake vizuri. Alisogeza mikate minne pembeni. "Hii ni ya mafuta." Akafikiri, akaongeza mmoja. "Huu ni wa gereji."

"Mitano. Haya, Kimya kwa jenereta."

"Minne ya petroli," alisema Baba Pikapu, haraka. "Umeona? Ni yaleyale."

"Ongeza mmoja. Betri nayo huzeeka. Baada ya miaka kadhaa utanunua nyingine, na bei yake si ya kuchezea. Muuzaji aliwaambia hilo?"

"Hakutuambia," alisema Mama Mikate kwa sauti ndogo.

"Huwa wanasahau. Basi uanze kuweka akiba ya betri sasa hivi. Kwa hiyo jenereta nalo ni mitano. Shemeji ana haki ya kulalamika."

Baba Pikapu akanyoosha shingo. Mama Mikate akainamisha kichwa.

"Lakini kosa si la gari," Fundi Jua akasema. "Jenereta lako ni kubwa, na kuchaji ni kazi ndogo. Jenereta kubwa hunywa mafuta hata likiwa na kazi ndogo. Ni sawa na kuwasha tanuri zima uoke mkate mmoja."

Mama Mikate akainua kichwa. Hilo alilielewa bila kufafanuliwa. Hakuna mwokaji anayefanya hivyo.

"Niambieni, Kimya akishapeleka mikate anarudi saa ngapi?"

"Asubuhi. Wateja wakianza kuingia madukani tumeshamaliza."

"Halafu?"

"Halafu anakaa uani."

"Kivulini au juani?"

"Juani. Uani petu hapana kivuli."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alfajiri ya kesho yake."

Fundi Jua akapiga makofi. "Mmesikia mlivyosema? Mchana kutwa gari limekaa bure, na jua linawaka juu yake bure. Hamlilishi. Jioni, jua limekwenda zake, ndipo mnaanza kulipikia kwa bei ghali! Lichajini mchana, mpaka alasiri litakuwa limejaa. Litalala limeshiba, shemeji. Sheria yako hatujaigusa."

Baba Pikapu alichungulia uani, akalitazama jua.

"Kwa hiyo gari la umeme linamlipa kila mtu?" aliuliza Mama Mikate.

"Hapana, dada, sikudanganyi. Mtu anayeliendesha mara moja moja hatarudisha fedha yake. Anayesafiri mbali sana ataishiwa chaji porini. Lakini nyinyi mnazunguka kila siku, njia ileile, karibu na nyumbani, na mchana gari lipo. Kazi yenu na jua ni chanda na pete."

Alirudisha mikate yote kwenye treya, kisha akasogeza pembeni miwili tu ya Kimya kwa jua. "Mmoja wa betri. Mmoja wa kulipia paneli za jua. Paneli zikishalipiwa, huo unarudi mezani."

"Na siku ya mawingu?" Baba Pikapu alikuwa bado hajakubali.

"Paneli zitatoa kidogo. Utaongezea umeme wa kawaida, mchana, wakati mtaa haujaanza kupika. Nina paneli nne stoo, na inveta, kile kifaa cha kuugeuza umeme wa jua utumike. Nawaazima mpaka Jumamosi. Siku hiyo mnanunua, au nazichukua. Na jenereta mzime, nilale!"

Kesho yake Fundi Jua alipanda juu ya bati, akafunga paneli. Mchana Kimya alichomekwa. Kioo kidogo mbele ya usukani kilionyesha chaji inavyopanda. Watoto hawakubanduka.

"Mama, Kimya amefika nusu!"

"Mama, amepita nusu!"

Mama Mikate alikuja na unga mikononi kila alipoitwa. Alasiri chaji ilijaa. Hakuamini macho yake. Jua lilelile lililomchoma kichwa tangu utotoni lilikuwa limemjazia gari, na hakuna aliyemdai senti! Alicheka peke yake uani.

Siku moja ilinyesha. Baba Pikapu alitazama mawingu, kisha mkewe, kwa jicho la nilikwambia. Mama Mikate hakubishana. Alichomeka Kimya kwenye umeme wa kawaida mchana ule, akajaza palipopungua. Jicho likakosa kazi.

Kulikuwa na badiliko jingine. Baba Pikapu alianza kuita. Mara ya kwanza ilikuwa ni kwa shida. Duka moja likafunguka, akapata moyo. Akaongeza sauti. Katikati ya juma alikuwa anaimba kabisa: "Mikateee! Moto moto!" Mikate haikurudi tena nyumbani.

Jumamosi ikafika. Fundi Jua alikuja kuulizia paneli zake. Muuza mboga naye akaja, na fedha kwenye mfuko wa shati. Mama Mikate alisimama mlangoni, roho juu. Juma zima mumewe hakuwa amesema kama bado anauza, na fedha ya paneli hawakuwa nayo.

"Gari liko wapi?" aliuliza muuza mboga.

Baba Pikapu naye akauliza swali. "Mboga zako unazitoa wapi?"

"Mashambani, mbali. Nikitoka asubuhi, narudi jioni."

"Basi Kimya hakufai. Atakuacha njiani." Baba Pikapu aliingiza mkono mfukoni. Alitoa ufunguo uliofungwa kamba nyekundu. Mama Mikate aliutambua, akashika mdomo. Ulikuwa ufunguo wa pikapu.

"Chukua hii. Inakohoa, lakini hufika. Mlango ule funga kwa waya."

Walikubaliana bei. Fedha haikukaa hata kidogo mkononi mwa Baba Pikapu. Aliipokea kwa muuza mboga, akamkabidhi Fundi Jua, na iliyobaki akampa mkewe. Pikapu ikanguruma, ikatoka. Alisimama akiisindikiza kwa macho mpaka kikohozi kikapotea. Uani pakabaki doa jeusi la mafuta.

"Unaumia?" Mama Mikate alimuuliza.

"Naumia," alisema. "Lakini juma zima nilikuwa naitazama meza yako. Kila siku ulitenga pembeni mikate miwili tu."

Fundi Jua aliwaongoza mezani, akachukua mmoja kati ya ile miwili, akaurudisha kwenye treya. "Paneli mmeshalipa. Huu hauna kazi tena. Umebaki wa betri, na makombo kidogo ya siku za mawingu."

Mama Mikate aliitazama treya. Mikate kumi na tisa! Alimkumbatia mumewe mbele ya jirani, unga na vyote.

Jumapili, kabla ya mapambazuko, Kimya alitoka uani taratibu, ameshiba tangu jana alasiri. Mtaa ulikuwa umetulia. Kisha sauti ikapaa.

"Mikateee! Moto motooo!"

Milango ikafunguka, vikapu vikatoka. Dirisha la nyuma ya ukuta nalo likafunguka kwa kishindo.

"Shemeji!" Fundi Jua alipaza sauti. "Jenereta umelizima, sasa wewe utazimwa na nani?"