Kizimba cha Pamba

Rafiki yangu Nyawira, mwalimu wa hesabu kule Kasikeu, hana subira na watu wanaomfanyia mnyama matanga. Mumewe, Ngure, alikuwa amemzika sungura wao Pamba wiki tatu nyuma, kisha akatundika picha ya sungura huyo sebuleni, kando ya ile ya marehemu mama yake mzazi.

"Mama Cheryl, kizimba chake usikiguse. Bado namkumbuka," Ngure akamwambia mkewe.

"Mkumbuke ukiwa umekaa kwenye kiti, Baba Cheryl. Vifaranga hamsini wanafika leo, na wakilala nje baridi itawamaliza. Ama unangoja wafe nao uwatundike ukutani?"

Akaingia stoo, mle gizani, akicheka peke yake. Aliposhika kizimba, ndani mguu ukapiga mbao: puu. Kimya. Puu, tena.

"Panya," akasema kwa dharau, akafungua mlango wa kizimba atoe nyasi kuukuu.

Nyasi zilikuwa mbichi. Zilikusanywa pembeni zikawa kiota, na juu yake pakatandazwa manyoya meupe, yale ambayo sungura jike hujinyofoa kifuani akikaribia kuzaa. Nyawira akayapapasa mpaka kwenye mbao. Yalikuwa na joto, na kizimbani hapakuwa na kiumbe chochote.

Kisha manyoya mengine yakatua juu ya mkono wake, yakiwa bado yamelowa mate.