Mikoba ya Kununulia Magodoro

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare za shule na kupiga deki sebuleni, Chapuchapu alimfuata shangazi yake kanisani. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu hakujua kufanya jambo taratibu. Alikula haraka, aliongea haraka, na hata sala ya chakula aliimaliza wenzake wakiwa ndio kwanza wanafumba macho.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Siku nyingine alishona nguo za wateja, lakini Jumamosi alijitolea. Yeye na kina mama wenzake walikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, wakasogeza cherehani karibu na madirisha, wakashona mikoba ya sokoni kwa vitambaa walivyopewa na mafundi wa mtaani. Mikoba hiyo ingeuzwa siku ambayo kanisa huwashukuru watu wanaojitolea: wanaofagia, wanaotembelea wagonjwa, wanaopika kwenye misiba. Mapato yote yangenunua magodoro ya wodi ya wazazi katika zahanati ya jirani.

"Magodoro yetu yamechoka kuliko wagonjwa," mkunga wa zahanati alikuwa amewaambia. Wote walicheka, lakini walijua hatanii.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kushona mishikio. Shangazi alimwonyesha jinsi ya kupitisha mshono mara mbili, kisha kuukaza kwenye pembe.

"Mtu atabeba viazi humu, siyo manyoya," alimwambia.

Jumamosi ya mwisho kabla ya siku hiyo, kwaya ya watoto ilikuwa ikifanya mazoezi kanisani. Chapuchapu alisikia wenzake wakiimba, na miguu ikaanza kumwasha. Akapitisha mshono mara moja tu, akaurusha mkoba kwenye rundo, akachukua mwingine. "Kwani tunalipwa?" alijisemea moyoni. "Ya bure nayo ina ukaguzi?"

Shangazi alilitazama lile rundo, akatabasamu. "Leo una mkono mwepesi, mwanangu! Mungu akubariki. Haya, nenda kaimbe."

Chapuchapu akatoka mbio.

Kesho yake, Jumapili, mikoba ilitundikwa uani ikapendeza kweli. Kabla ya ibada, Mchungaji alimwomba Chapuchapu apeleke vitabu vya nyimbo kanisani. Alichukua mkoba mmoja, akavijaza, akaunyanyua. Krrr! Mshikio ukachomoka, vitabu vikatawanyika sakafuni.

Hakuna aliyeona. Aliutazama mshono uliofumuka, akautambua papo hapo. Ni wake. Na huko uani, mikoba yake ilikuwa imechanganyika na ya wengine, yote inafanana.

"Chapuchapu! Tunapanga mstari!" mwimbaji mwenzake alimwita, sare ya kwaya ikimng'aa mwilini.

Angeweza kuuficha mkoba ule na kwenda kuimba. Lakini alimfikiria mama fulani akitoka sokoni, vitu vyake vikimwagika barabarani, na watu wakisema mikoba ya kanisani ni ya ovyo. Badala ya kwenda kwaya, alikwenda kwa shangazi.

"Shangazi, nimeharibu. Jana nililipua mishikio ili niwahi mazoezi. Na sasa siwezi kujua ipi ni yangu."

Chapuchapu alisubiri kufokewa.

"Basi tutaivuta yote," shangazi akasema. "Waite mama zako."

Kina mama waliingia ukumbini na nguo zao nzuri za Jumapili, wamebeba mikoba yote kutoka uani. Wakaanza kuvuta mishikio, mmoja huku, mwingine kule.

"Jamani, mimi nilidhani leo nimekuja kushukuriwa," alisema Mama Kicheko, mpishi wa shule, huku akivuta kwa nguvu zake zote. "Kumbe nimekuja kuvuta kamba!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Chapuchapu naye alicheka, machozi yakimlengalenga. Kila mshikio uliochomoka aliushona upya, mara mbili, na kuukaza kwenye pembe. Kupitia dirishani alisikia kwaya ikiimba bila yeye. Iliuma, lakini hakuinuka.

Walimaliza na kuitundika tena uani mahubiri yakielekea mwisho. Mchungaji alipowaita mbele watu waliojitolea, kina mama walitoka wakiwa na nyuzi zimeganda magaunini. Chapuchapu alibaki mlangoni.

"Mimi sistahili, shangazi."

"Umevuta kamba, hukuvuta?" Mama Kicheko akamshika mkono. "Twende bwana, acha maringo."

Kanisa zima lilisimama likapiga makofi na vigelegele. Baada ya ibada watu waligombea mikoba hadi kamba za kutundikia zikabaki tupu. Wengine walitoa mchango bila kuchukua chochote.

Siku chache baadaye, shangazi na wenzake walipeleka magodoro zahanati, na Chapuchapu alikwenda nao. Mkunga alitandika shuka la kwanza mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi ile akajilaza taratibu, kichanga chake ubavuni, akavuta pumzi ndefu.

"Aisee, mgongo wangu umepona," alisema. "Sijui ni kina nani mliotukumbuka, lakini asanteni sana."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, shangazi alipunguza mwendo.

"Umemsikia yule mama? Yeye hatujui sisi, wala hana analotudai. Mteja wangu nikimshonea vibaya, ataniletea gauni lake na kelele juu. Lakini mtu ukimpa msaada mbovu, anaona aibu kulalamika. Atanyamaza tu na kuteseka nao. Kwa hiyo kazi ya kujitolea haina mkaguzi ila sisi wenyewe. Tukiilipua, tunamwonea mtu asiyeweza kujitetea."

Chapuchapu alitikisa kichwa kukubali.

"Shangazi, asante kwa kutonifokea siku ile mbele ya watu."

"Nikufokee kwa lipi?" shangazi akamjibu, akimvuta karibu. "Ulikuja kusema wakati hakuna aliyekuwa amekuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta namna ya kukushukuru."