Geti Lenye Macho

"Nitaongeza bati lingine juu ya geti," alisema Cheche.

"Ongeza mpaka mbinguni," mkewe alijibu, sauti imeshapanda. "Mama kakwapuliwa mkoba hapo nje, mchana kweupe. Kapiga kelele mpaka koo likakauka. Nani alitoka?"

Cheche ni fundi wa kuchomelea. Mageti yote ya uchochoro ule kayatengeneza yeye. Ni mabati matupu, marefu, hayana hata tundu la sindano. Watu walimsifu sana. Sasa mama mkwe wake alikuwa kwenye kochi, begi miguuni, anataka kuhama.

"Punguzeni sauti, wanangu. Majirani watasikia."

"Hawasikii, mama," mkewe Cheche alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Jirani yao askari akaingia, kavaa kandambili. "Nimepiga hodi mpaka vidole vimeuma. Fundi, geti lako linazuia hata salamu."

"Linazuia wezi, afande."

"Wezi wanapenda mahali pasipo na macho. Humu kila mtu kajifungia kwenye kopo lake. Uchochoro tumewaachia wao."

"Kwa hiyo tulale wazi?"

"Hapana. Bati liishie kifuani, juu weka nondo. Taa iangaze nje. Mtu akipiga kelele, tutoke wote, tupige simu kituoni. Hatumpigi mtu. Tunaonekana tu."

"Geti la matundu? Hilo geti au chujio?"

Mama mkwe akacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ile.

Kicheko kile kikamwingia Cheche. Akaanza na geti lake mwenyewe. Cheche za moto zikadondoka polepole, kama maua yanayopukutika. Kipande cha bati kikaanguka, na jua la jioni likaingia uani, likajilaza sakafuni kama paka aliyerudi nyumbani. Cheche akachomelea nondo palipobaki wazi.

Jirani wa mbele akachungulia. "Kumbe mnafuga njiwa? Miaka yote nasikia mlio, nadhani naota."

Akaomba na lake likatwe. Geti moja likaita lingine. Jioni taa zikawaka nje, na uchochoro ukawa kama chumba kirefu cha watu wote. Salamu zilipita kwenye nondo, zikaelea, zikafika mpaka mwisho.

Siku moja kijana mgeni alisimama ukutani, akimwangalia mama mkwe na kikapu chake.

"Unamtafuta nani, mwenzetu?" geti moja liliuliza.

"Tukuelekeze?" likadakia la pili.

Kijana akaangalia huku, akaangalia kule. Kila upande, macho. Akaondoka zake. Mama mkwe akaingia ndani, akafungua begi, akatundika nguo zake kabatini.

Asubuhi Cheche akabeba mashine. Lilikuwa limebaki geti moja, la mwisho kabisa.

"Usichelewe," mkewe alisema.

"Nikichelewa utaniona."

Akatoka, akalifunga geti nyuma yake. Mkewe akaendelea kumwona, kupitia nondo, mpaka kwenye kona.