Chupa Ndani ya Gunia la Korosho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Saumu alimwosha mdogo wake, Mwanahawa, vidonda vya buba mguuni. Mwaka huo wa 1953, pale kijijini Ziwani, watoto wengi walikuwa wamepona buba kwa sindano. Lakini mara tatu mama yao, Bi Zuhura, alimbeba Mwanahawa hadi zahanati na kuambiwa, "Dawa imekwisha."

Jumamosi moja Saumu alikwenda kwa mjomba wake, Shaibu, kumsaidia kuanika korosho. Alipofungua gunia, mkono wake uligusa kitu baridi. Chupa! Zilikuwa nyingi, zimeviringishwa kwa matambara, zote zina alama ya serikali.

"Mjomba, hizi si dawa za sindano?"

Shaibu alimpokonya. "Funga mdomo! Kesho lori linakuja kuzichukua, zikauzwe ng'ambo ya mto Ruvuma. Wenyewe ni watu wakubwa. Ukisema, nitafungwa mimi."

Nyumbani, Saumu hakugusa chakula. Aliketi, akainuka, akatoka uani, akarudi tena. Mjomba ndiye aliyemnunulia sare ya shule. Kisha Mwanahawa akaanza kulia kwa maumivu.

"Mama, dawa haijakwisha. Iko kwa mjomba."

Shaibu alikuwa kaka wa pekee wa Bi Zuhura. Hata hivyo Bi Zuhura alijitanda kanga. "Twende polisi, mwanangu, kabla moyo wangu haujageuka."

Kesho yake, Sajini Muhidini na askari wake walilisimamisha lori karibu na mto. Shaibu, aliyekuwa ndani pamoja na dereva, alieleza yote, akawataja karani wa zahanati aliyeiba dawa na tajiri aliyewatuma. Wote wanne walipelekwa mahakamani.

Dawa ziliporudishwa zahanati, Mwanahawa alidungwa sindano, akapiga mayowe. Saumu naye alilia.

"Nimemfunga mjomba," alimwambia Sajini Muhidini, aliyezileta dawa hizo.

"Hapana, binti yangu. Amejifunga mwenyewe," Sajini alijibu. "Genge hili tumelitafuta mwaka mzima. Kila aliyeona kitu alikuwa na ndugu wa kumficha, na ukimya huo ndio uliowalisha wezi. Mpende mjomba wako, mpelekee chakula. Lakini kumpenda ndugu si kumsaidia kuwaibia wagonjwa."