Bonde la Baba Mkwe

"Posa hiyo imekufa," baba akasema, akaweka bakuli la uji chini. "Mwambie leo hii. Mwanamke anayefukuza maji nyumbani kwangu hawezi kuja kunipikia."

"Hafukuzi maji, baba. Anataka lambo lisogezwe."

"Lisogezwe mlimani kwa Celestini? Ng'ombe wangu wakanywe kwa hisani ya Celestini?"

Nikatoka. Nilipanda hadi kanisani, mahali pekee simu yangu ilipopata mtandao, nikakuta Ineza, mchumba wangu, amenitangulia kwa ujumbe: "Nimesikia. Njoo bondeni kabla ya mkutano wa kijiji. Njoo na hasira zako zote, tuzimwage huko."

Mimi Thobias, msichana huyo hajawahi kulazimika kuniita mara mbili. Kijiji kizima cha Kasulo ni yeye peke yake aliyesoma shairi langu akaniambia mstari wa tatu una mizani saba badala ya nane.

Miaka ile kambi ya wakimbizi ilikuwa imejaa jirani yetu. Kuni zilikwisha, kijito kikawa tope, wenyeji na wageni tukagombea dumu moja la maji. Serikali ikaahidi kutuchimbia lambo chini ya nyumba yetu, katika bonde ambalo kila mtu alilijua kwa jina la baba yangu, Protasi. Lakini kabla jembe halijagusa ardhi, ilitaka ijulikane kama lambo hilo litatuletea afya au maradhi. Ineza alikuwa amesomea afya, akapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza na kupima. Babu yake alitoka Burundi zamani, akalima hapa, akazikwa hapa. Hata hivyo, mwenye chuki hakukosa la kusema: mkimbizi anatuchagulia maji.

Siku ya posa wazee wa pande zote mbili walikunywa pombe ya ndizi kwa mirija, kutoka chungu kimoja. Tangu siku hiyo Ineza hakutamka tena jina la baba. Kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe, hata likiwa la mtu mwingine. Jirani yetu Ernesta alikuwa na mtoto aitwaye Protasi. Ineza akamwita "yule wa Ernesta", mtoto akazoea, akawa anaitika.

Nilimkuta bondeni, amesimama kando ya mashimo tuliyochimba udongo wa matofali. Maji ya mvua yalikuwa yamelala humo, viluwiluwi vya mbu vikicheza. Akaniambia kwamba nyumba zote zilizo karibu na mashimo yale zilikuwa na mtoto mwenye homa, na za mlimani karibu zote zilikuwa salama. Lambo lingekuwa shimo kubwa kuliko yote, tena ng'ombe na watu wangeingia maji yaleyale.

"Nikibadilisha ripoti, naolewa," akasema.

"Na usipobadilisha?"

"Watoto watalala salama. Wa kwetu watakuwemo kama bado unanitaka."

"Usiguse hata nukta. Baba niachie mimi."

"Nikuachie wewe?" Akacheka. "Wewe na baba yako ni moto na petroli. Kaa kimya leo, Thobias. Leo tu."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Ineza alisoma juu ya mbu, kichocho na kuhara, na watu walitulia. Alipofika mahali pa kutaja bonde, akasema "bonde linalopendekezwa". Baba akasimama.

"Bonde gani? Lina jina. Litaje."

Wanawake wakaangaliana. Ineza akainamisha macho.

"Litaje," baba akarudia. "Posa imekufa, huna mwiko kwangu. Kama unaweza kufukuza maji yangu, jina langu litakushinda?"

Ulimi ulinicheza mdomoni kama nyoka. Nikaung'ata.

Ineza akaufunga vizuri mtandio wake, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Baba akageuka kuangalia watu. Uwanja wote ulimtazama. "Marahaba."

"Posa yangu ilinywewa mbele ya watu. Chungu chenu bado kiko kwetu, hakuna aliyekuja kukichukua ili posa ivunjike. Kwa hiyo ninasema mbele ya watu: bonde hili ni la baba mkwe wangu. Naomba lisichimbwe lambo chini ya nyumba yake, kwa sababu humo ndimo nitakamozaa."

Bibi Domisiana, mkubwa kuliko wote pale, akapiga kigelegele. Wengine wakampokea.

Baba akakohoa. "Na ng'ombe wangu?"

"Lambo litakaa kule mlimani, mbali na nyumba zote, lizungushiwe uzio. Maji yateremke kwa bomba hadi birika la ng'ombe, palepale bondeni. Watu wawe na bomba lao."

Baba akatazama mlima, akatazama ardhi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, swali ambalo nadhani ndilo lililomkosesha usingizi tangu mwanzo:

"Na lambo lenyewe litaitwa la nani?"

Watu wakaangua kicheko. Ineza hakucheka.

"La mwenye bonde, wanakijiji wakikubali. Walitaje wao. Mimi siwezi."

Celestini akawa wa kwanza kunyoosha mkono, na uwanja mzima ukamfuata. Baba akaketi taratibu, akajifuta uso.

"Mkamwana," akasema, "soma mpaka mwisho."

Jioni nilipanda tena kanisani, nikamtumia haya:

"Jina huliweki mbali, wala hulitupi chini,
Umelifunga kwa shali, ulibebe kifuani."

Akajibu: "Mizani imetimia. Njoo na mirija."

Tulifunga ndoa lambo lilipojaa. Leo kila mtu hulitaja kwa jina lake, Lambo la Protasi: wachungaji wa ng'ombe, watoto wa shule, hata madereva wapitao kwenda mpakani Rusumo. Ni mke wangu tu asiyelitaja. Akichukua ndoo, ukimuuliza anakwenda wapi, hujibu:

"Kwa baba."

Na baba, akiwa barazani, huitika.