Bwana Hewa

Kitu cha kwanza kilikuwa taulo. Bomba la bafuni kujifungua lenyewe halikuwa ajabu. Mama Kipusa mwenyewe ndiye aliyelifundisha. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za nyumba zinazojiendesha, zile ambazo mlango unakutambua sura na taa zinakufuata chumba hadi chumba, na kama wenzake wote wa fani hiyo, alizijaribia kwake. Lakini programu haina mgongo wa kukausha, na taulo lilikuwa limeloa chepechepe.

"Mama, umeoga?" Mama Kipusa akauliza.

"Nioge na baridi hii?" mama yake mzazi akajibu kutoka jikoni. "Hebu zima hilo lidude lako la chumba cha nyuma, litatuua."

Chumba cha nyuma. Hapo ndipo alipomkumbuka Bwana Hewa.

Bwana Hewa hakuwa mtu. Ili ujaribu programu ya nyumba unahitaji mkazi, na watu wana kazi zao, basi unamtunga. Alimpa urefu, uzito, chumba cha baridi kali, saa ya kuoga, na jina la kuwachekesha wenzake ofisini. Siku alipounganisha nyumba na geti la chekechea ya mwanawe Kipusa, maana siku hizi kila kitu lazima kiongee na kila kitu hata kama hakina la kusema, programu iligoma kumpokea mwanamume asiye na uhusiano na yeyote. Akachoka kubishana nayo. Akaandika "baba", akamweka Kipusa chini yake. Baba halisi alifariki Kipusa akiwa bado tumboni, nani angelalamika? Majaribio yakafaulu, watu wakapongezana, kumfuta Bwana Hewa kukasahaulika. Jamani, watu wa kompyuta! Wanatufungia milango sisi, ya kwao wameiacha wazi.

Akajiambia bomba linavuja. Akaanika taulo.

Kesho yake, kwenye chai, Kipusa akaweka kidole mdomoni. "Mama, usiongee kwa nguvu. Baba amelala."

"Baba gani?"

"Wa chumba cha baridi." Akanong'ona zaidi. "Mkono wake haupati joto, hata nikiushika sana."

Mama Kipusa hakumaliza chai. Alimbeba mtoto mbiombio hadi chekechea, akaona afadhali awe mbali na nyumba ile, kisha akaenda moja kwa moja kwa mganga aliyewahi kumsikia kwa jirani, akarudi naye jua likiwa utosini.

Walipoingia, taa za ukumbini zilikuwa zimewaka mchana kweupe. Wakasimama kusikiliza, na taa ya ukumbini ikazima, ikawaka ya kibarazani, ikazima nayo, kama inavyokuwa mtu anapotoka zake taratibu bila haraka, na nyuma yake ikabaki harufu ya nywele zilizoungua iliyowajaa kooni hata mganga mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, akalazimika kushika ukuta, na katika chumba cha nyuma wakakuta godoro limebonyea urefu wote wa mtu, na shimo la kichwa kwenye mto bado linainuka polepole.

"Ulimpa jina, ukampa kitanda, maji na saa ya kurudi," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Ulitegemea nani aje? Mimi hanijui, hatanisikia. Mfukuze wewe. Lakini kwanza nambie, kuna chako chochote alichokishika?"

Macho ya Mama Kipusa yakazunguka chumbani: kitanda, mto, ukuta. "Hakuna."

Akafungua kompyuta. Futa. Programu ikauliza: pamoja na vyote vilivyo chini yake? Swali hilo kalijibu mara ngapi maishani! Akabonyeza ndiyo bila kulisoma mpaka mwisho, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Simu ikaita. Mwalimu wa chekechea.

"Mama Kipusa, nakujulisha tu, usiwe na wasiwasi. Baba yake kaja kumchukua mapema. Geti limemtambua."

*Vyote vilivyo chini yake.* Akagonga kila kitufe, akachomoa waya, akaitupa kompyuta sakafuni. Mstari wa kijani ukaendelea kutambaa kwenye kioo kilichopasuka.

"Mkimbilie, mwalimu! Mnyang'anye, nakuomba, mnyang'anye!"

"Kwani vipi? Si hawa hapa nawaona, wanavuka barabara, kamshika mkono, na Kipusa anaruka..." Sauti ikakatika. Mstari ulikuwa umefika mwisho.

"Mwalimu! Kipusa yuko wapi?"

"Samahani," mwalimu akasema kwa upole wa mtu aliyepigiwa simu na mgeni. "Unamtafuta mtoto gani, dada?"

Baridi ilikwisha chumbani. Mganga alikuwa akitabasamu, akimpa hongera, nyumba imesafishika. Mama Kipusa alimsukuma kando, akatoka mbio hadi sebuleni akimwita mama yake, akimwita kwa kilio, na bibi wa Kipusa akainua uso kutoka kwenye nguo alizokuwa akikunja. Mkononi alikuwa na kisweta kidogo cha njano.

"Afadhali umekuja, mwanangu," akasema, akikigeuza huku na huku. "Hiki umemnunulia mtoto wa nani?"